Moshi Unaovuka Mapafu Hadi Moyoni

Washa mshumaa, kisha uzime. Uzi wa moshi mweupe utapanda kutoka kwenye utambi. Upesi, sogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye uzi huo bila kugusa utambi: moto utaurukia moshi na kushuka nao hadi mshumaa uwake tena. Kumbe moshi ule ni nta iliyokosa kuungua.

Nyasi na miti ni vivyo hivyo. Kiangazi cha Januari na Februari moto ukishika Mlima Elgon, au mkulima wa Kitale akichoma mabua, joto hutoa mvuke ndani ya mmea. Mvuke ukipata hewa na joto la kutosha, huwaka. Usipopata, hupoa ukawa vitone au huungua nusunusu ukawa masizi, na upepo huvichukua hadi sehemu za mbali kama Lugulu.

Jivu linalotua kwenye nguo zilizoanikwa ni kero tu, maana pua hulizuia. Cha kuogopwa ni chembe zisizofika mikromita 2.5. Unywele wa kichwani una upana wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo chembe 28 za kipimo hicho zikipangwa mstari ndipo zinalingana nao.

Njia ya hewa ina ute wa kunasa uchafu na vinyweleo vya kuusukuma juu, kama mtu anayefagia uwanja kuelekea langoni. Lakini ufagio huo haufiki mwisho, kwenye mamilioni ya vifuko ambamo oksijeni hupenya kuingia damuni. Chembe hutua humo. Kinga ya mwili huzishambulia, vifuko huvimba, na mwenye pumu huanza kusikia kifua kikipiga mluzi.

Kemikali za vita hivyo humwagika damuni, na chembe ndogo kabisa huvuka pamoja nazo. Mishipa hukaza, damu huganda kwa urahisi. Papo hapo, monoksidi ya kaboni hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moyo unafanya kazi zaidi kwa oksijeni pungufu. Ndiyo maana mwenye presha anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi bila hata kukohoa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chembe zisizofika mikromita 2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa 24. Leso puani haizichuji. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri huzipunguza sana. Kufunga madirisha husaidia, ila kuyafunga huku mafiga yanawaka ndani ni kujifungia na moshi ule ule.

Basi siku ya moshi, mzee mwenye presha na mtoto mwenye pumu wakae nyumba isiyo na moto wa kuni. Kifua kikibana, wapelekwe hospitali mara moja. Wasingoje anga itakate.