Ankara ya Usingizi wa Dawa: Msimbo, Kipimo na Saa

Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Tabora aliyetaka kumwarifu mwenziwe wa Bagamoyo kiasi cha pembe alichompelekea hakuwa na haja ya kuieleza kila pembe. Aliandika hesabu ya frasila, na neno hilo lilieleweka njia nzima, tangu Ujiji hadi Unguja. Frasila moja ilikuwa ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16, na mpagazi alikadiriwa kubeba frasila mbili. Watu wasioonana waliweza hivyo kudaiana na kulipana. Hospitali za leo zina chombo cha namna hiyo, nacho huitwa msimbo.

Msimbo ni herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa au la huduma. Orodha ya magonjwa inayotumika duniani ilitokana na ile ya sababu za vifo, iliyowasilishwa na Mfaransa Jacques Bertillon mjini Chicago mwaka 1893. Toleo lake la kumi liliidhinishwa mwaka 1990. Humo, S52.5 maana yake ni kuvunjika kwa mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono.

Nchini Tanzania jambo hili lilipata uzito tangu mwaka 1993, serikali ilipoanza kuwachangisha wagonjwa gharama za matibabu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Yafaa ieleweke kwamba penye bima, mlipaji hayupo kando ya kitanda. Kilichotendeka hukijua kwa maandishi tu.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka sita, mwenye uzito wa kilo 20, ameanguka kutoka mwembeni, na Tabora haina uhaba wa miembe. Mfupa wake umevunjika kama tulivyoeleza. Ili daktari aurudishe mahali pake bila kumtesa, mtoto hupewa ketamini, dawa iliyotengenezwa kwanza Marekani mwaka 1962. Hupendwa katika hospitali zetu kwa kuwa, ikitolewa sawasawa, kwa kawaida haizuii pumzi. Tukitumia miligramu 1.5 kwa kila kilo, mtoto atahitaji miligramu 30. Ikiwa kila mililita ina miligramu 50, basi bomba la sindano litavuta mililita 0.6. Lakini kichupa cha mililita 10 kina miligramu 500! Je, hospitali idai kichupa kizima au miligramu 30? Haiwezekani kujibu kwa haki iwapo kipimo hakikuandikwa.

Dawa ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa ni uangalizi. Wataalamu hugawa hali ya mgonjwa katika ngazi: utulivu mwepesi, utulivu wa kati, utulivu mzito, na mwisho nusukaputi kamili. Ngazi hizi hazina ukuta kati yake. Mgonjwa aweza kuteleza kutoka moja hadi nyingine kwa dakika chache. Kwa hiyo daktari aliyeshika mkono uliovunjika hawezi peke yake kuangalia pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni katika damu. Lazima awepo mtu mwingine aliyefunzwa, ambaye kazi yake ni hiyo.

Kazi ya kuangalia huuzwaje? Marekani, tangu mwaka 2017, utulivu wa kati una misimbo yake mbali na ile ya upasuaji, na hupimwa kwa saa. Hesabu huanza dawa inapotolewa, hukoma daktari anapomwacha mgonjwa akiwa salama. Zikipungua dakika 10, hakuna dai. Sehemu ya kwanza ni dakika 15. Sehemu nyingine ya 15 huongezwa zikifika angalau dakika 8 za ziada. Mtoto wetu akipewa dawa saa 4:10, na daktari akimaliza saa 4:35, ni dakika 25, yaani sehemu mbili.

Hapa ndipo penye kasoro, kwa maoni yetu. Daktari ameondoka, saa ya ankara imesimama, lakini mtoto bado hajaamka vema. Aweza kutapika, au koo likabana. Muuguzi aliyebaki naye hana sehemu hata moja katika hesabu hiyo. Na katika wodi yenye wauguzi wachache, kazi isiyohesabiwa ndiyo huachwa kwanza. Fomu ya uangalizi yenye saa, mapigo na pumzi hujazwa kwa ajili ya mtoto, hata pale ambapo mlipaji haiulizi.

Zoezi. Mtoto wa kilo 24 alipewa ketamini saa 3:05 asubuhi. Daktari alimwacha saa 3:27, muuguzi akakaa naye hadi saa 4:15. Tafuta mililita za dawa, idadi ya sehemu zinazodaiwa kwa kanuni ya Marekani, na dakika za muuguzi zisizoonekana katika ankara.