Binti Yako na Mazoezi: Moyo na Pumzi

Madarasa ya chini wasichana na wavulana hukimbia pamoja. Binti akishavunja ungo, mara nyingi uwanja unabaki wa wavulana. Yeye anaitwa jikoni, na wakubwa wanamwambia mpira haumfai tena. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 za wiki wafanye mazoezi ya kuwatoa jasho na kuwahemesha. Takwimu za mwaka 2016 zinaonyesha kuwa duniani wasichana 85 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wavulana ni 78. Kuchota maji nako ni kazi ya mwili, hatubishi. Ila ndoo humchosha shingo mapema kuliko inavyomhemesha. Rede, netiboli, kuruka kamba na mbio ndivyo vinavyoufikia moyo.

Moyo ni msuli. Binti akifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kila pigo husukuma damu nyingi kuliko awali, kwa hiyo akitulia moyo hauna haja ya kupiga mbio. Hili mnaweza kulipima nyumbani. Asubuhi, kabla hajainuka kitandani, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Kwa binti aliyefikia miaka 10, mapigo 60 hadi 100 ni ya kawaida. Andikeni kwenye daftari, mpime tena muhula ukiisha. Aliyeshika mazoezi huenda akashuka hata chini ya 60. Kama hana kizunguzungu wala uchovu, msihofu.

Mapafu hukua zaidi kwa kimo kuliko kwa mazoezi. Kinachoimarika ni misuli ya kupumulia, kiwambo na ile ya katikati ya mbavu. Anavuta pumzi ndefu, na kilima kilichomtwetesha mwaka jana anakipanda huku anaongea.

Hedhi si sababu ya kumzuia. Wengine hata tumbo huwapoa wakikimbia. Wala michezo haiharibu kizazi. Jambo la kuangalia ni damu yenyewe. Oksijeni hubebwa na chembe nyekundu, na chembe hizo zinahitaji madini ya chuma, ambayo hupotea kila mwezi. Binti anayechoka haraka kuliko wenzake pengine si mvivu. Mpelekeni akapimwe wingi wa damu. Mpeni dagaa, maharage, mboga za majani, maini yakipatikana, na kipande cha chungwa au limau. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo, kwa kuwa inazuia chuma kufyonzwa. Tunajua kuitenga chai na wali maharage ni mtihani kwa nyumba nyingi.

Mwenye pumu acheze akiwa na dawa yake ya kuvuta karibu. Mwenye selimundu acheze kwa kiasi, anywe maji mara kwa mara na apumzike kabla hajachoka. Lakini binti akizimia katikati ya mchezo, akibanwa na kifua, au moyo ukimwenda mbio bila kutulia hata baada ya kupumzika, asimamishe michezo na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ameshaamka na anasema yuko mzima.