Kinga Mpya Inayotetemeka

Katika mji wa Lubumbashi baiskeli huitwa kinga. Utaziona nyingi zikiingia mjini kutoka porini, zimebeba magunia ya makala yaliyopita kimo cha mtu anayezisukuma. Hizo ni kinga za kazi: chuma kizito, tairi nene. Ziko na nyingine, nyepesi, tairi zake nyembamba, usukani umepindwa kama pembe za kondoo dume. Hizo ni kinga za mbio. Kinga ya makala haikimbii, basi kasoro zake hujificha. Kinga ya mbio haifichi kitu.

Tuseme kijana amenunua kinga ya mbio, mpya kabisa. Katika mitaa ya mjini inakwenda vizuri. Siku ya pili anashika njia ya Kipushi. Penye mteremko anaiachia, na mara usukani unatikisika mikononi. Anakaza mikono, inazidi. Anapunguza mwendo, inatulia. Anarudi nyumbani na hofu, na wenzake wanasema, “Umedanganywa. Irudishe dukani!”

Asiende upesi. Kinga mpya husafiri katika sanduku, vipande vipande, na anayeiunganisha pengine ana haraka. Tena spoki hulegea kidogo katika safari za kwanza.

Fundi mwenye akili hashiki spana kwanza. Anauliza. Je, mtetemo unakoma ukiacha kukanyaga? Tazama pedali na mhimili wake. Unakuja ukishika breki tu? Tazama breki, na janti, yaani duara linaloshika tairi. Unakuja hata kinga ikiteremka yenyewe? Basi tafuta katika magurudumu na shingo ya usukani.

Sasa tupige hesabu. Gurudumu la kinga ya mbio likizunguka mara moja hupita mita 2 na sentimita 10 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, linazunguka karibu mara 4 kila sekunde. Tairi likiwa na kivimbe mahali pamoja, utapigwa mara 4 kila sekunde, na ukiongeza mwendo mapigo yataongezeka. Lakini usukani ukianza ghafula kwenda kushoto na kulia, kwa mwendo fulani tu, hapo kinga nzima inacheza pamoja na mpandaji, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Shingo iliyolegea hulikuza jambo hilo.

Inua gurudumu la mbele, lizungushe, na shika njiti ya kibiriti karibu na janti bila kuigusa. Nafasi ikipungua na kuongezeka, janti imepinda. Angalia pia mstari mwembamba ulio ubavuni mwa tairi. Ukizama mahali fulani, tairi halikukaa sawa: toa pumzi, likande kwa vidole, ujaze tena. Kosa hili ni rahisi kuliko yote, na watu hulikumbuka mwisho! Kisha shika gurudumu juu, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, mhimili umelegea. Mwisho, shika breki ya mbele, weka kidole penye shingo ya usukani, usukume kinga mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, shingo yataka kukazwa.

Rekebisha kitu kimoja, kisha urudi katika mteremko ule ule kwa mwendo ule ule. Ukirekebisha vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa na kosa. Yote yakiwa sawa na kinga bado inatetemeka, huenda uma au fremu imepinda. Hapo sasa irudishe dukani.

Na mtetemo ukikukuta njiani? Usikaze mikono, wala usivute breki ya mbele kwa nguvu. Bana bomba la juu kwa magoti, jiinue kidogo kitini, vuta breki ya nyuma polepole. Magoti huzima mtikisiko kama kiganja kinavyozima kengele.

MASWALI

1. Kwa nini kinga ya makala haionyeshi kasoro hizi?
2. Njiti ya kibiriti yatuonyesha nini?
3. Kinga inakwenda kilomita 45 kwa saa. Gurudumu lake linazunguka karibu mara ngapi kila sekunde?