Eshanjeri: Maji mbili zinazopeana moto bila kuchanganyika



Wengi wameuliza juu ya nini kapteri ya jua kwenye nyumba ya maternite haitoi tena maji ya moto kama zamani, na juu ya nini sisi wa mwaka wa sita tunasema dawa yake si kuisafisha mara nyingine, bali kuiongezea kitu. Komite ya shule itakaa mbele ya mwisho wa muhula. Itaamua kuongeza hicho kitu, ao kuondoa kapteri na kurudilia kuni. Ni vema kila mtu aelewe maneno yenyewe kuliko kufuata kelele za kwenye mstari wa chakula.

Kwanza tuone kuni. Maternite inatumia litri 200 za maji ya moto kwa siku, kwa kuoga wamama na watoto na kufua vitambaa. Maji ya kijito chetu iko na digri 18, na tunataka ifike 50. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kufanya hesabu: 200 × 4,18 × 32, ni karibu kJ 26 750, ndiyo kWh 7,4. Kilo moja ya kuni kavu inabeba karibu kJ 16 000, lakini moto wa mafiga matatu unaingiza ndani ya sufuria labda sehemu moja kwa kumi tu. Ingine inakwenda na moshi na upepo. Basi inaomba kilo 16 ao 17 za kuni kila siku, hata siku ya Mungu. Ni nani atazikata? Tunajua wote ni nani. Na msitu hauko tena karibu kama wazee wanavyosimulia.

Sasa kapteri. Ni sanduku lenye kioo juu, na ndani yake bati nyeusi yenye tuyo nyembamba za shaba. Yetu iko na m² 4. Jua likipiga, maji ndani ya tuyo inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda yenyewe mpaka kwenye pipa iliyo juu, na maji ya baridi inashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu, hakuna kurani. Jina lake ni termosifo. Nguvu inayosukuma ni ndogo sana: litri moja ya maji ya digri 20 inapima gramu 998, na ya digri 60 inapima gramu 983. Ni zile gramu 15 tu zinazofanya kazi yote. Basi kitu kidogo kikiziba njia, safari inasimama.

Na kitu kinaziba. Kijito chetu kinapita kwenye mawe ya chokaa. Chokaa hiyo imeyeyuka ndani ya maji, macho hayaioni, lakini maji ikipata moto inatoka na kushika kwenye chuma. Walio katika darasa la kimia wanajua: Ca(HCO3)2 inakuwa CaCO3, CO2 na H2O. Angalieni chini ya birika la jikoni, mtaona ile ganda nyeupe. Tuchukue mfano tu: kama kila litri inaacha mg 50, litri 200 zinaacha gramu 10 kwa siku. Katika mwaka ni kilo tatu na nusu na zaidi, ndani ya tuyo ambazo kidole hakiingii! Tuyo zetu zimekwisha kusafishwa mara mbili kwa asidi. Kila mara zilifanya kazi miezi michache, kisha zikalala tena. Na asidi haili chokaa peke yake, inakula na shaba vilevile. Mara ya tatu labda tutabaki na kichungi.

Dawa ni hii: maji inayopita ndani ya kapteri isiwe ile inayotoka kwa robine. Ndani ya kapteri tutie maji ya mvua, ambayo haina chokaa, na ile maji izunguke palepale mwezi kwa mwezi, haitoki, haiingii. Inachukua moto kwa jua, inaleta karibu na maji ya kuoga, inapeana moto kupitia ukuta wa chuma, inarudi kuchukua mwingine. Ule ukuta ndio unaitwa eshanjeri. Ni kama watu wawili wanaopeana barua kwenye dirisha: barua inapita, watu wanabaki kila mmoja nyumbani kwake.

Mawazo hayo si mapya. Huko California, Marekani, bwana William J. Bailey alianza mwaka 1909 kuuza kapteri zenye pipa iliyotengwa na kufunikwa vizuri, ili maji ikae na moto usiku. Alizipa jina Day and Night, maana yake Mchana na Usiku. Januari 1913 baridi kali isiyo ya kawaida ikashuka huko, maji ikaganda ndani ya tuyo, na tuyo zikapasuka juu ya nyumba za watu. Bailey hakuacha kazi. Alitia ndani ya pipa tuyo iliyozungushwa kama nyoka, na katika kapteri akatia maji iliyochanganywa na alkoli, ambayo haigandi upesi. Adui yake alikuwa baridi, adui yetu ni chokaa, lakini ukuta wa katikati unawazuia wote wawili.

Tuingie katika fizikia, kwani hapa ndipo watu wanabishana. Moto unaopita ukuta katika sekunde moja unahesabiwa hivi: P = U × A × ΔT. A ni ukubwa wa ukuta, ΔT ni tofauti ya digri kati ya maji hizi mbili, na U inaonyesha ukuta unapitisha moto kwa urahisi gani. Wengi wanasema inaomba shaba tu, kwa sababu shaba inapitisha moto mara nane kuliko chuma. Ni kweli kwa shaba, lakini si kweli kwa eshanjeri. Kinachochelewesha moto si chuma, ni maji yenyewe, ile ngozi nyembamba ya maji inayolala juu ya ukuta bila kutembea. Pasipo pampu tuchukue U ya 200 hivi. Ukiweka ukuta wa chuma wa mm 1, U inashuka mpaka 199. Ukiweka shaba inabaki karibu 200. Tofauti hiyo hata termometa ya laboratwari haitaiona. Lakini ganda la chokaa la mm 5 linaishusha U mpaka 100, nusu nzima!

Anayeshuka moyo kwa hesabu ajaribu kwa mikono. Chukua kopo la litri moja la maji ya baridi, lisimamishe ndani ya beseni lenye litri moja ya maji ya digri 80. Pima kila dakika. Kisha rudilia, lakini mara hii koroga pande zote mbili kwa kijiti. Itakwenda upesi zaidi, na kopo ni lilelile. Ile ngozi ya maji ndiyo umeivunja. Utaona tena kwamba kopo halipiti digri za katikati hata ukingoje mpaka kengele ya jioni.

Sasa kapteri ya m² 4 saa sita ya mchana inatoa karibu W 2 000. Tukitia tuyo ya shaba ya mm 15 yenye metre 10 ndani ya pipa, ukuta wake ni m² 0,47 tu. ΔT inakuwa digri 21. Ndiyo kusema kapteri inapaswa kuwa na digri 71 ili maji ya kuoga iwe na 50, na kapteri yenye moto mkali inaurudisha mwingi angani kupitia kioo. Tungehitaji metre 20 ao zaidi, na tuyo ndefu hivyo inachosha ile nguvu ndogo ya gramu 15. Tena shaba ikikaa ndani ya pipa ya galvanize, inakula zinki na pipa inatoboka. Na bei yake, tusiseme.

Kwa hiyo sisi tunapenda njia ya pili: koti. Fûti ya litri 200 iko na upana wa sm 57. Fundi wa chuma akunje tole ya metre 2 kwa 1, apate duara ya sm 63, aivishe fûti, kisha asude juu na chini. Kati ya fûti na koti inabaki nafasi ya sm 3, na ndimo maji ya kapteri inapita. Ukuta mzima wa fûti unakuwa eshanjeri, m² 1,5. Fanyeni hesabu tena: ΔT ni karibu digri 7. Kioo kimoja kinapoteza hivi W 6 kwa kila m² na kila digri, basi digri 7 zinatugharimu W 42 katika W 500 za kila m². Ni kodi, lakini kodi ndogo. Mwenye kusema eshanjeri inaongeza moto amedanganya. Inapunguza kidogo, kisha inafanya ule unaobaki udumu.

Chokaa haitakwisha duniani. Itashika sasa upande wa ndani wa fûti. Lakini fûti tunaweza kufungua mfuniko, kuingiza mkono na brosi, na kukwangua katika Posho moja ya kazi, mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mfuniko usisudwe! Ufungwe kwa bulo.

Mambo mengine ya ufundi kwa ufupi. Tuyo inayotoka juu ya kapteri iingie juu ya koti, na ile ya chini ya koti irudi chini ya kapteri. Zipande bila kufanya mgongo, kwani hewa inalala kwenye mgongo na kukata njia. Chini ya pipa ipite juu ya kichwa cha kapteri kwa sm 30 angalau, la sivyo usiku maji inatembea kinyume na kupasha moto nyota. Mahali pa juu kabisa pawe na kopo la litri 5 lenye mfuniko usiobana: maji ya koti na kapteri ni kama litri 50, na kutoka digri 20 mpaka 80 inavimba kwa litri moja na kitu. Isipopata nafasi itajitafutia. Pembeni ya pipa tujaze unga wa mbao uliokauka kabisa, sm 15 pande zote.

Siku ya kujaza, fûti ya ndani ijazwe kwanza, na koti nyuma. Ukigeuza, maji ya koti inasukuma bati tupu na kulikunja ndani. Kisha hapana kubadilisha maji ya koti kila mara. Maji mpya inaleta hewa mpya, na hewa inaleta kutu. Ile ya zamani imekwisha kumaliza hewa yake, iacheni.

Neno moja zito. Kuna watakaosema tutie ndani ya koti ile dawa ya radiatere ya motokari, kama wanavyofanya katika inchi za baridi. Hapana, kabisa. Hapa maji haigandi, na dawa ya motokari kwa kawaida ni etileni glikoli, ambayo ni sumu. Siku kipande kimoja cha suduri kikitoboka, ingeingia katika beseni la mtoto wa siku moja. Maji ya mvua inatosha.

Kama komite inakubali, wa mwaka wa nne watapima tangu siku ya kwanza: digri za kapteri juu, za koti chini, na za robine, kila saa kuanzia saa mbili ya asubuhi mpaka saa kumi na moja, pamoja na hali ya mbingu. Kartasi ya kuandikia iko kwetu. Termometa ni mbili tu, mzichukue kwa mwalimu wa fizikia na kuzirudisha kabla ya sala ya jioni.