Mchezo wa Kinjeketile

Vijana wa Majengo, mtaa wa mji wa Goma, wakitaka kucheza mchezo wa huzuni, hawana lazima ya kuutafuta Ulaya. Uko mmoja wa Kiswahili, jina lake Kinjeketile. Ebrahim Hussein wa Tanzania aliutoa mwaka 1969.

Mchezo huo wasimulia vita vya Maji Maji, vya 1905 hata 1907. Kinjeketile anawapa watu maji, nao wanasadiki kwamba risasi za Wajerumani hazitawaua. Makabila yanaungana, lakini watu wengi wanakufa.

Kinjeketile anafungwa. Anaambiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana Wajerumani wangewaambia watoto kwamba kupigania nchi yao kulikuwa kosa.

Maswali:
1. Maji yalileta jambo gani jema?
2. Kama ungekuwa Kinjeketile, ungejibu nini?