Ualimu wa uuguzi: darasani, wodini au chuo kikuu?

Waliosafiri kwa reli ya kati wanaijua stesheni ya Tabora. Hapo mabehewa hukatwa: haya ya Kigoma, haya ya Mwanza. Ukisinzia kwenye behewa siyo, shauri yako! Njia panda hii ni ya zamani kuliko reli yenyewe iliyofika hapa mwaka 1912. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi nayo iligawana hapa hapa.

Ualimu wa uuguzi nao una njia panda. Tukitembelea shule, haikosi sauti kutoka dawati la nyuma: "Mimi damu naogopa. Si nisome uuguzi halafu nikafundishe tu?" Wenzake wanacheka. Jamani, msimcheke, kauliza la maana.

Jibu ni kwamba wodi huikwepi. Stashahada ni miaka 3, na kuingia unahitaji kufaulu Bayolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne. Shahada ni miaka 4. Kote huko utashika wagonjwa, na lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baada ya hapo ndipo unachagua.

Kuna mkufunzi wa chuo cha kati, kama kile cha Nkinga, wilaya ya Igunga, kilicho pamoja na hospitali. Katika vyuo vidogo mkufunzi mara nyingi hufanya yote: asubuhi chaki, mchana wodi, jioni kusahihisha.

Chuo kikuu, kama Muhimbili, ni ngazi. Uhadhiri msaidizi unataka shahada ya pili, uhadhiri kamili unataka ya uzamivu. Na kupanda cheo lazima ufanye utafiti na kuuchapisha. Kama kuandika kunakuchosha, fikiri mara mbili.

Halafu yupo mwelekezi wa wodini, muuguzi mzoefu anayesimama na mwanafunzi kando ya kitanda. Watu humsahau, eti si mwalimu hasa. Mimi siwezi kumsahau. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa hodari wa hesabu za dozi, darasani. Siku moja wodini mtoto analia, mama yake kanikazia macho, nami nikavuta mililita 5 badala ya 0.5. Mwelekezi akanishika mkono kabla sindano haijamgusa mtoto. Hakunigombeza mbele ya yule mama. Alinitoa pembeni, akanifanya nisome cheti upya kwa sauti, mara tatu.

Ndiyo maana nasema, hata kama unautaka uprofesa, kaa wodini kwanza miaka kadhaa. Utamfundishaje mtu kitu ambacho mikono yako haikijui?

Ukifika siku ya kupewa nafasi, usiulize mshahara peke yake. Uliza utakuwa na wanafunzi wangapi kwa zamu moja, siku ngapi utakuwa wodini, na nani atalipia masomo yako ya juu. Majibu wakupe kwa maandishi.