Somo: Maji Meusi ya Dampo na Kazi ya Matete



Somo la robo hii linahusu maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye dampo. Mvua ikipenya katika taka zinazooza hubeba uchafu, chumvi, amonia na hata madini kama risasi, kisha huelekea bondeni, ambako mara nyingi ndiko viliko visima vya watu.

Njia ya gharama nafuu ipo: kuwaachia bakteria na mimea kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetafiti kwa miaka mingi ardhioevu za kutengenezwa, yaani vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, kwa ajili ya majitaka ya kawaida. Lakini tuwe waangalifu. Majitaka ya vyooni na bafuni huwa na amonia kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Ya dampo yaweza kupita 1,000. Ukiyaelekeza moja kwa moja kwenye matete, matete hudhoofika na kufa.

Kwa hiyo maji huanzia bwawa lenye kina, ambamo bakteria wasiohitaji hewa humeng'enya sehemu kubwa ya uchafu. Hufuata bwawa la kina kifupi, lenye jua na mwani. Matete huja mwisho. Bakteria wanaogeuza amonia hutumia zaidi ya kilo 4 za oksijeni kwa kila kilo ya naitrojeni, ndiyo maana eneo dogo halitoshi.

Hata hivyo, tusianze na bwawa. Ekari moja ikipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka hupokea lita milioni 4 hivi. Mfereji wa kukinga maji ya mlimani, pamoja na udongo wa mfinyanzi uliotandazwa kwa mteremko juu ya taka, hupunguza sana maji ya kusafisha. Mfereji haupendezi kwenye picha za uzinduzi, nasi tunaoandika maombi ya miradi tumezoea kuuruka. Tena, bwawa husafisha maji yaliyokusanywa tu; yaliyokwisha kuzama ardhini hayarudi.

Bajeti iwe na mshahara wa mtu wa kukata matete na kuondoa tope. Madini hayaozi, hubaki kwenye tope na mizizi, hivyo matete hayo wasipewe ng'ombe. Chumvi nayo hupita hatua zote. Visima vya bondeni viendelee kupimwa hata dampo likifungwa, kwa sababu amonia huendelea kutoka kwa makumi ya miaka.